Bosi anataka Kiingereza cha insha, mafundi wanataka kinachoeleweka: nimsikilize nani?

SWALI: Mimi ni fundi niliyegeuzwa mwandishi. Kampuni yetu hapa Kasese inauza pampu za maji za sola, na nyingine zinavuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kongo. Nimepewa kazi ya kuandika kijitabu cha maelekezo kwa Kiingereza. Bosi wangu, aliyewahi kufundisha Kiingereza sekondari, hunirudishia kurasa zimejaa wino mwekundu: nisianze sentensi kwa “And”, nisimalizie kwa “with”, nisitenganishe “to” na kitenzi chake, nisirudie neno moja kila mstari, na “must” niigeuze “should” kwa sababu “must” ni ya mkorofi. “Close valve” nayo anaikataa. Mafundi huko vijijini nao wanapiga simu kuuliza kitabu kinasema nini. Nimsikilize nani? Na je, Kiingereza chetu cha Uganda ni kosa kukiandika?

JIBU: Dada yangu, wasikilize mafundi. Bosi wako Kiingereza anakijua, ila anasoma kurasa zako kama insha ya mtihani. Msomaji wa insha ameketi mezani, ana kalamu, na asipoelewa unakatwa maksi. Msomaji wako wewe amechuchumaa kando ya kisima huko Kisinga au Bwera, mkono mmoja umeshika spana, na asipoelewa anaunguza kontrola ya watu. Kwa huyo, sentensi nzuri ni ile ambayo haiwezi kueleweka kwa namna mbili. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia kwa kila alama nyekundu uliyonitajia. Kuna moja ambayo bosi yuko sahihi kabisa, nitaifikia mwishoni, na kuna moja ya hatari.

Zisizostahili muda mrefu tuzimalize kwanza. Katazo la kumalizia sentensi kwa maneno kama “with” na “from” lilipata nguvu mwaka 1672, mshairi John Dryden alipomkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, ambaye wakati huo alikuwa kaburini miaka 35 na hakuweza kujitetea. Walimu wakalibeba hadi madarasani, na Waingereza nje ya darasa wakaendelea kuzungumza walivyozoea. Andika “the spanner you hold the nut with” bila hofu. Kuhusu “And”, fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo sura ya kwanza: karibu kila mstari unaanza hivyo. Kama bosi wako ni mtu wa kanisani, mwonyeshe ukurasa huo tu.

La kutenganisha “to” na kitenzi lilipigiwa kelele sana karne ya 19. Henry Alford, kasisi mkuu wa Canterbury, alilikemea mwaka 1864. Mimi hucheka kidogo nikilisikia kwa mtu anayezungumza Kiswahili, maana sisi tunapasua kitenzi chetu kila siku: kufungua, kutofungua, na sijasikia mtu akilalamika kwamba “-to-” imeingilia. Ila hili lina jambo la kuangalia kwa karibu, kwa sababu kulitii kunaweza kuleta hasara. Chukua sentensi hii: “The controller is programmed to automatically stop the pump.” Maana ni moja, kontrola inazima pampu yenyewe. Sasa litii katazo, sogeza neno: “The controller is programmed automatically to stop the pump.” Kinachofanyika chenyewe ni kipi sasa, kuzima pampu au kupangwa kwa kontrola? Fundi atakayeelewa kwamba kontrola hujipanga yenyewe hataweka kiwango cha chini cha maji. Kisima kikipungua, pampu itazunguka kavu, na utapigiwa simu nyingine.

Tuje kwenye kurudia neno, ambako naona shule imetuharibia wengi. Kwenye insha tulifundishwa kutafuta visawe ili mwalimu aone tuna msamiati. Peleka tabia hiyo kwenye maelekezo, upate hii: “Close the valve. Check the cock for leaks. Then open the tap slowly.” Mwandishi alikuwa na koki moja akilini. Msomaji ana koki nne mbele yake, na ameambiwa majina matatu. Anayefikiri kwa Kiswahili huenda akaokoka kwa bahati, kwa kuwa kwake zote ni koki. Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa ataanza kutafuta kitu cha tatu kilipo. Kwa hiyo rudia neno. Rudia mara tano, rudia mara kumi. Neno jipya katika kijitabu liwe na maana moja: hapa kuna kifaa kipya.

Watu wa ndege walilimaliza hili zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yaliwabana watengenezaji kuhusu ugumu wa Kiingereza kwenye vitabu vya matengenezo, kwa kuwa mafundi wengi wanaovisoma hawakuzaliwa na lugha hiyo. Mwaka 1986 ukatoka mwongozo ambao leo unajulikana kama ASD-STE100. Ndani yake mna kamusi ya maneno yapatayo 900, na karibu kila neno limepewa maana moja na kazi moja. “Close” ni kufunga, hairuhusiwi kumaanisha karibu. “Follow” ni kuja baada ya kitu, hairuhusiwi kumaanisha kutii. “Oil” ni mafuta yenyewe, hulifanyi kitenzi. Sentensi ya maelekezo haizidi maneno 20. Mwongozo wenyewe hutolewa bure kwa anayeuomba, ila sikushauri uubebe mzima, pampu si Boeing. Chukua tabia yake tu: kaa na mafundi wawili nusu siku, mtandaze vifaa vyote mezani, kila kifaa kipewe jina moja la Kiingereza, moja la Kiswahili na namba inayoonekana kwenye mchoro. Hiyo karatasi moja itakuokoa kuliko kamusi yoyote, na bosi akileta kisawe mwonyeshe orodha.

Alama iliyonishtua ni ile ya “must” kuwa “should”.

Katika viwango vya kimataifa vya ISO, ambavyo vingi vimepokelewa na UNBS, shirika letu la viwango pale Bweyogerere, kuwa viwango vya Uganda, maneno haya yamegawiwa kazi na hayabadilishani. “Shall” ni sharti. “Should” ni pendekezo. “May” ni ruhusa, na “can” ni uwezekano. Wahandisi wa intaneti walifanya vilevile: Machi 1997 Scott Bradner aliandika waraka mfupi, RFC 2119, kueleza uzito wa kila neno, na bado watu wakabishana hadi mwaka 2017 ukaongezwa mwingine, RFC 8174, kusema kwamba uzito huo unahusu neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tu. Watu hao hawapotezi muda kwa mapambo. Mmoja akisoma sharti na mwenzake akasoma pendekezo, mashine zao hazitaelewana.

Rudi sasa kwenye ukurasa wako wa usalama baada ya wino wa bosi: “The panels should be disconnected before the cover is opened.” Wewe na mimi tunajua kwamba paneli za sola mchana zinatoa umeme hata kontrola ikiwa imezimwa, waya zinazoingia kwenye kisanduku zina moto muda wote jua likiwaka. Lakini sentensi imesema ni vizuri kuzichomoa, ukipenda. Na “should” ina matatizo zaidi ya hapo. “The light should be green” inasema nini: taa inatarajiwa kuwa kijani, au fundi afanye jambo hadi iwe kijani? Na “Should the pump stop, call us” ni “ikiwa” tupu, haina wajibu wowote ndani yake. Neno moja, kazi tatu, na msomaji achague mwenyewe jua likimpiga kichwani. Mimi nimeifuta “should” kwenye nyaraka zangu zote, isipokuwa pale ninapopendekeza kweli na niko tayari mtu asinifuate.

Mwenzake ni “may not”. “The pump may not run at night” ni katazo, au ni taarifa kwamba huenda isizunguke? ISO wenyewe wanakataza kutumia “may not” kwa maana ya katazo. Andika “Do not run the pump at night” au “The pump does not run at night without a battery”, kulingana na unachokusudia.

Kuhusu adabu, namwelewa bosi wako. Kwetu hapa huwezi kumwambia mtu mzima “Funga!” ukaishia hapo; lazima iwepo “tafadhali”, au “mzee”, na ndiyo maana barua zetu za Kiingereza zimejaa “kindly”. Lakini maelekezo ya kazi hayamgombezi mtu. Mapishi husema “kaanga vitunguu” na hakuna mpishi aliyeona ametukanwa. Kila hatua ianze na kitenzi: “Close valve 2”, “Remove the cover”, na “the” tutaizungumzia. “Must” iweke kwenye masharti. “Shall” waachie wanaoandika mikataba na viwango, kwa fundi ina harufu ya mahakama. Ukihitaji kuonyesha heshima, ukurasa wa kwanza una nafasi ya kutosha ya kumkaribisha mteja.

Nikiwa hapo hapo kwenye usalama: Wamarekani katika kiwango chao cha ANSI Z535 wameyapanga maneno ya onyo kwa ngazi. “DANGER” ni jambo ambalo usipoliepuka litaua au kujeruhi vibaya. “WARNING” ni ambalo linaweza kufanya hivyo. “CAUTION” ni majeraha madogo au ya wastani, na kifaa kikiharibika bila mtu kuumia wanasema “NOTICE”. Nimeona vijitabu vya Kampala vyenye “DANGER” juu ya kuchubuka rangi. Baada ya tatu za namna hiyo msomaji haoni tena hiyo ya nne yenye umeme. Na onyo likae juu ya hatua, kamwe lisikae chini yake. Mtu husoma mstari, hufanya, halafu husoma mstari unaofuata. Ukimwambia “Open the cover” kisha mstari wa chini “Before opening, disconnect the panels”, umemwonya maiti.

Sasa nikupe njia ninayoitumia mimi kupima ukurasa, nayo haihitaji mwalimu wala programu ya kompyuta. Msomee mwenzako kila sentensi kwa Kiswahili, papo hapo, bila kuandika. Mahali utakapokwama na kujiuliza “nani?” au “ya nini?” au “lini?”, Kiingereza chako kina tundu. Kiswahili hakikubali uyapite mambo hayo kimyakimya kama Kiingereza kinavyokubali.

Jaribu na hii: “solar pump controller fuse box cover”. Maneno sita ya Kiingereza yamepangwa kama mabehewa bila kuambiwa lipi linamilikiwa na lipi. Kwa Kiswahili huna budi kuanzia mwisho, kisha kila kiungo ukitaje: kifuniko cha kisanduku cha fyuzi za kontrola ya pampu ya sola. Au ni kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kilichomo ndani ya kontrola? Umesita, umeona? Mwongozo wa ndege unazuia mlolongo wa nomino kuzidi tatu kwa sababu hiyo hiyo. Andika “the cover of the fuse box, inside the controller”, usiogope “of”.

Jaribu na “Replace the filter.” Ukifungua kinywa kuitafsiri utakwama: rudisha chujio mahali pake, au weka jipya? Mteja aliyerudisha chujio chafu na kukaa nalo mwaka mzima hajakosea, amekutii. Jaribu na “Once the tank is full”: mara moja, au tangi likishajaa? “Since the pump was cleaned”: kwa sababu, au tangu? “Bi-weekly” ndiyo usiiguse kabisa, maana wenye lugha yao hawajaamua kama ni mara mbili kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Na “inflammable” kwenye pipa la mafuta inamaanisha linawaka, ingawa ule mwanzo wa “in-” unawadanganya watu kwamba haliwaki. Tangu miaka ya 1920 chama cha kuzuia moto cha Marekani, NFPA, kiliwahimiza watu waandike “flammable” wamalize.

Halafu saa. Hili linatuhusu sisi kuliko Mwingereza yeyote, na vitabu vya kufundisha uandishi havilitaji. Mkulima wa kahawa mlimani akisema pampu izunguke saa moja hadi saa tano, awe anazungumza Kiswahili au Luganda, anahesabu tangu alfajiri: anakusudia 07:00 hadi 11:00. Kijana anayeweka muda kwenye kontrola akiandika 1:00 na 5:00 kama alivyosikia, pampu inaamshwa saa saba usiku na kulazwa kumi na moja alfajiri, wakati paneli hazina hata chembe ya jua. Asubuhi mkulima anakuta tangi tupu na anasema pampu mbovu. Kwa hiyo kijitabuni usiandike “one o'clock” wala “1:00” peke yake. Tumia mfumo wa saa 24 kwa tarakimu nne, na kando yake weka saa ya Kiswahili kwa maneno: 07:00, saa moja asubuhi. Kwenye picha ya kioo cha kontrola chora mshale unaoonyesha zinakoandikwa.

Namba nyingine nazo zina mpaka wake, na mpaka wenyewe uko Mpondwe. Ukiandika “1,500 mm”, Mganda anasoma milimita elfu moja na mia tano. Aliyesoma kwa Kifaransa upande wa pili anatumia mkato pale sisi tunapoweka nukta, kwa hiyo kwake hiyo ni milimita moja na nusu. Mwambie pampu ikae umbali huo juu ya tope, naye ataiteremsha hadi iguse. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua mwaka 2003 kwamba nukta au mkato vyote vinaruhusiwa kwa desimali, lakini maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu, bila nukta na bila mkato. Andika “1 500 mm”, au bora zaidi andika mita 1.5 na uchore. Galoni zifute kabisa. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785, na kibandiko cha pampu kutoka nje hakisemi ni ipi. Lita kila mtu anaijua, jerikeni la lita 20 liko kila nyumba. Tarehe zako ziwe na jina la mwezi, kwa sababu 03/04 ni Aprili kwetu na Machi kwa Mmarekani.

Umeuliza kuhusu Kiingereza cha Uganda. Sikioni kama kosa. Ni lugha ya watu, ina kanuni zake, na mtu akikwambia “extend” kwenye taxi unasogea, hakuna aliyeumia. Swali ni nani atasoma. Maelekezo ya kufika kwenye karakana yenu, kwa wateja wa Kasese, yaandike hivyo hivyo: “branch at the stage, then slope”, yaani kata kona penye kituo, kisha teremka. Kila mtu atafika. Lakini ripoti ya mfadhili aliyeko Ujerumani ukimwambia fundi alikwenda kwa “taxi” atajiuliza kwa nini fedha zake zinakodi gari binafsi, kumbe alikaa kwenye matatu na watu kumi na wanne. Ile anayoijua yeye sisi tunaiita “special hire”. Na kwenye kijitabu chenyewe jihadhari na maneno ambayo hata Waingereza na Wamarekani hawaelewani. Umezoea “paraffin” kuwa mafuta ya taa; Mmarekani ataona nta ya mishumaa. Waya wa kwenda ardhini kwetu ni “earth”, kwenye vifaa vingi vinavyoingia umeandikwa “ground”. Chagua la kwetu, na pale linapotokea mara ya kwanza litaje na lile la kwenye kibandiko, ili fundi ajue ni waya uleule.

Kuhusu “You first switch off the pump”, ambayo najua unaiandika kwa sababu sote tunaiandika, mpangilio wake ni wa Luganda na hauna dhambi. Sogeza tu: “First, switch off the pump.” Mganda hataona tofauti, mgeni hatashangaa.

Mkato ni jambo dogo hadi lifike mahakamani. Jimbo la Maine huko Marekani lilikuwa na sheria ya malipo ya muda wa ziada iliyoorodhesha kazi zisizolipwa, na orodha ikaishia “packing for shipment or distribution” bila mkato kabla ya “or”. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakasema: kilichotajwa ni kufungasha, sisi hatufungashi, sisi tunasambaza. Machi 2017 mahakama ya rufaa ikasema sheria haieleweki vya kutosha kuwanyima, na mwaka uliofuata kampuni ikamalizana nao kwa dola milioni 5. Sasa soma dhamana yenu: “We cover pumps, panels and batteries bought from our shop.” Hayo “bought from our shop” yanabana betri peke yake, au vyote? Mteja aliyenunua pampu Katwe na betri kwenu atadai alipiwe pampu, na ana hoja. Hapa Kiswahili hakikusaidii hata kidogo, kwa kuwa “pampu, paneli na betri zilizonunuliwa” zote ziko ngeli moja. Ingekuwa “mabomba na betri” ungejinasua kwa kuandika “vilivyonunuliwa”. Anza na sharti: “If you bought it from our shop, we cover:” kisha orodha chini yake, kila kitu mstari wake. Orodha ya wima haina ugomvi wa mkato.

Nilisema kuna jambo moja bosi yuko sahihi. Ni “the”. Kiswahili hakina kitu kama hicho, “funga koki” inatosha, na mazingira yanasema koki ipi. Kwa hiyo sisi huiacha hata kwa Kiingereza, na vibandiko vya viwandani vinatufundisha vibaya kwa sababu vinaiacha ili kuokoa nafasi. Ndani ya aya inaleta tofauti. “Close a valve” ni yoyote. “Close the valve” ni ile tuliyokwisha kuitaja. “Close valve” inaweza kusomwa kama jina, “koki ya kufungia”, na nimekutana na fundi aliyeitafuta kwenye mchoro. Penye koki zaidi ya moja namba inamaliza kazi: “Close valve 2” haihitaji “the”. Hapo mkubali bosi, na umwambie umemkubali, itakusaidia unapofika kwake na yale mengine.

Na usiende kwake na hoja za sarufi, mtakesha. Chukua ukurasa mmoja, toleo lake na toleo lako, mpe kila moja fundi ambaye hajawahi kuiona pampu hiyo, bosi akae pembeni bila kusema neno. Atakachokiona kwa macho yake hakihitaji Dryden.

Jambo la mwisho ni la nafasi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na ng'ambo ya Mpondwe ni moja ya lugha nne za taifa. Kama mnaweza kuongeza kurasa, weka Kiswahili na Kiingereza uso kwa uso, namba za hatua zilingane. Kama hamwezi, tafsirini kwanza ukurasa wa usalama na kibandiko cha kwenye kontrola, na “should” zote za ukurasa huo zitoke kabla hakijapigwa chapa tena, hata kama kurasa nyingine zitangoja toleo lijalo.